Picha Tisa za Uso wa Thắm

Mjini Sa Đéc hakuna aliyewahi kutoka mbaya kwenye studio ya Mzee Sáu Khiêm. Ukiwa na kovu, unaliacha mlangoni. Ukiwa umebakiwa na meno matatu, unatoka na mdomo uliofungwa kwa heshima kama wa hakimu. Kuna bibi mmoja aliyeuza samaki maisha yake yote na hakumiliki nguo ya hariri hata siku moja, lakini leo yuko pichani juu ya meza ya mababu, pale wafu wanapofukiziwa ubani, nyumbani kwa wanawe, amevaa hariri ya bluu yenye maua, na mkufu wa lulu shingoni. Ni Sáu aliyemvisha, kwenye kompyuta, kwa muda wa saa moja na nusu. Watoto wake walipoiona ile picha walilia, wakasema mama ametoka vile vile alivyokuwa. Ndivyo watu walivyo, na Sáu hakuwa mtu wa kuwabishia.

Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na mitatu, na sasa alikuwa na sitini na sita. Zamani hizo picha haikurembwa kwenye kompyuta, ilirembwa kwenye negativu yenyewe, ile filamu inayozaa picha. Unachonga penseli mpaka ncha inakuwa nyembamba kuliko sindano, unaijaza mikunjo ya uso mmoja mmoja, na pale panapotakiwa weusi unakwangua kwa wembe bila kupumua. Sáu alikuwa na mkono mwepesi, na mkono ule haukumuuliza ruhusa. Kidole kikiona chunusi, kinaiondoa. Kikiona jicho moja limelala na jingine liko macho, kinayasawazisha. Baada ya miaka hamsini mwenyewe hakujua tena mkono unaanzia wapi na uso wa mtu unaishia wapi, na wala hakuona kuwa ni jambo la kujua.

Simu zilipoingia wateja wakakimbia, wakabaki wazee. Hao walikuja wanne wanne, wamepaka mafuta nywele, wakicheka kwenye ngazi, kupiga mapema picha zitakazowekwa juu ya meza ya mababu siku watakapoondoka. Nani amwachie mtoto kazi ya kuchagua sura atakayokuwa nayo milele? Mtoto atachukua ile ya harusi ya jirani, una kijiko mdomoni.

Thắm alikuja asubuhi ya tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo. Alikuwa muuza tambi za supu pale kona ya soko, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye sauti kubwa na mikono iliyozoea moto. Siku nyingine zote saa kumi alfajiri mchuzi wake ulikuwa unachemka, lakini siku hiyo ya ibada nusu ya mji haili nyama, kwa hiyo Thắm hufunga kibanda na kulala mpaka jua liwe limepanda. Alipanda ngazi za studio akiwa ameshiba usingizi.

"Shikamoo, bamdogo Sáu."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie na wewe umekuja kujiandalia meza. Bado mbichi."

"Nimekuja kupigwa picha tisa. Soma mwenyewe, mimi haya mambo yananichanganya."

Akampa simu. Ilikuwa orodha kutoka kliniki moja ya urembo kule Saigon, ambako daktari humtazama mtu kwenye picha kwanza, kabla hajamwambia apande basi. Sáu aliisoma na miwani, akaisoma tena bila miwani. Bila tabasamu, bila poda. Nywele zifungwe nyuma, masikio yote mawili yaonekane. Nyuma pawe na ukuta mtupu. Kamera iwe sawa na macho, mita moja na nusu kutoka usoni, isisogezwe karibu kwa sababu ikisogea pua itavimba. Mwanga utoke pande zote mbili. Mbele, upande wa kulia, upande wa kushoto, mshazari huku na huku, macho juu, macho chini, macho yamefumbwa, na moja ya karibu ya macho peke yake. Mpaka hapo hakuona kigeni. Ndivyo alivyowapiga wazee wake siku zote. Kilichomshinda ni mstari wa mwisho.

"Hili la mwisho sijalielewa."

"Lipi?"

"Wameandika tatizo lionekane wazi."

"Ndiyo."

"Yaani nilionyeshe?"

"Sasa bamdogo, daktari asipoliona atalitengeneza vipi?"

Swali lilikuwa la haki, lakini Sáu aliduwaa nalo kama fundi cherehani aliyeambiwa ashone nguo ili tundu lionekane vizuri. Akamuuliza tatizo lenyewe ni lipi. Thắm akaonyesha jicho la kushoto. Kope la juu, alisema, linaanguka. Watu walianza kumwambia miaka ile ya barakoa, walipokuwa hawana kingine cha kutazama usoni mwake ila macho. Wanamuuliza kama amelia, kama amepigwa, kama hakulala. Yeye alicheka nao, mpaka pale muuza maua mmoja, mteja wake wa kila alfajiri, alipoacha kununua bakuli la kwanza kwake.

"Anasema akifungua siku na uso unaosinzia, biashara yake nayo italala. Akawaambia wenzake. Sasa nakaa na mchuzi wangu mpaka saa kumi na mbili, wananipita kama kaburi."

Jambo hilo pale mjini si la mzaha. Mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku, na uso wa kwanza ndio unaoibeba. Sáu alimtazama. Aliona kama kope limeshuka kidogo, halafu akaona kama halijashuka. Akasema hewala, akamkalisha mbele ya kitambaa cheupe, akawasha taa mbili.

Bảy Nết, muuza kahawa wa chini, alipanda na bilauri ya kahawa ya barafu ya Sáu, akamkuta Thắm ameketi wima, nywele nyuma, masikio nje, mdomo umefungwa, akitazama mbele. Akasimama na trei.

"Ala. Kumbe Thắm ndiye anayetangulia?"

"Nitangulie wapi, dada Bảy?"

"Mtu hakai hivyo kama anaendelea kuishi. Sema tu kama una deni la kahawa tulimalize."

"Mwache, atacheka," alisema Sáu. "Akicheka naanza upya."

Alipiga picha tisa, zikatoka safi kama maji ya kisima. Jioni akakaa kwenye kompyuta azitume. Alikuwa anawaza habari ya tatizo la uso kuonyeshwa wazi, akawaza mpaka chai ikapoa, na muda wote huo mkono ulikuwa kazini. Alizituma, akaenda zake kula.

Siku ya pili saa tatu Thắm alipanda zile ngazi na aproni yake mwilini, kaacha kibanda kwa mumewe Lãm.

"Bamdogo, wanasema hawaoni tatizo. Wanasema macho yangu yako sawa kabisa, tena mazuri." Akasogeza simu puani pa Sáu. "Ila daktari anaweza kuniinua pua. Pua! Nani kaleta habari ya pua hapa?"

Sáu alifungua zile picha alizotuma, akatafuta miwani, akazitazama kwa makini. Jicho la kushoto la Thắm lilikuwa la kulia lililogeuzwa. Vidole vyake vilikuwa vimelikata, vikaligeuza, vikalipandikiza pale, pamoja na kuondoa doa la mafuta ya moto kwenye shavu, na yeye mwenyewe hakukumbuka kufanya lolote kati ya hayo. Mazoea yana taabu. Aliomba radhi kwa aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni.

"Njoo ukifunga kibanda," alisema. "Safari hii sigusi. Nitakalia mkono."

Thắm alikuja saa nane mchana, amesimama tangu alfajiri, jasho shingoni. Kiti kile kile, kitambaa kile kile, taa zile zile mbili. Na safari hii hata mtoto angeona. Kope la kushoto lilikuwa limefunika nusu ya mboni, na nyusi juu yake imepanda inahangaika kulivuta. Sáu alipiga tisa, akazituma kama zilivyotoka. Alijisikia kama mtu aliyemfungulia mgeni mlango wa bafu mwenzake yumo ndani, lakini alizituma.

Jibu lilikuja kesho yake, na ndipo mambo yalipoanza kupinda. Daktari ameona, waliandika. Sasa anauliza jicho liko hivi tangu kuzaliwa, au limeanza ukubwani? Kama ni la kuzaliwa, mgonjwa afike Jumamosi ya wiki ijayo, linatengenezwa na anarudi nyumbani jioni. Kama limeanza ukubwani, aende kwanza hospitali kubwa akapimwe neva na misuli, maana linaweza kuwa dalili ya maradhi, na wao hawatagusa hata nywele yake. Atume picha za zamani.

Ungedhani ni swali jepesi. Mtu si anaujua uso wake? Thắm alimuuliza mumewe, Lãm akasema jicho lilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na ndilo lililomvuta. Mama mkwe akasema hapana, limeanza baada ya mtoto wa tatu. Dada wa mumewe akasema wote wawili wamesahau, limeanza msiba wa baba yake Thắm, kwa kulia. Wakabishana mpaka wali ukapoa. Thắm aliwaacha, akachukua picha zake mbili za zamani, akaja nazo kwa Sáu na kuziweka mezani. Moja alikuwa na miaka kumi na mitano, ya cheti cha shule, nyeusi na nyeupe. Nyingine ya harusi. Katika zote mbili macho yalikuwa sawa, la kushoto na la kulia, yanang'aa.

"Hizi umezipiga wewe."

"Mjini hapa nani mwingine?"

"Basi niambie. Ulinifungua jicho, au lilikuwa wazi lenyewe?"

Sáu alizishika zile picha. Alizisogeza dirishani, akazirudisha. Alitafuta mahali ambapo mkono wake umepita, na hakupaona, kwa sababu mkono wake haukuwa ukiacha mahali. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Hakumkumbuka msichana yule wa miaka kumi na mitano. Mwaka ule aliwapiga wasichana mia tatu, na akawafungua macho wangapi, Mungu ndiye anayejua.

"Usinyamaze, bamdogo," alisema Thắm. Sauti yake ile kubwa ilikuwa imepungua. "Mzee Tám, baba yake fundi pikipiki, alianza hivi hivi na kope. Sasa analishwa kwa mrija. Mimi nina watoto watatu. Kama nimezaliwa hivi, sema. Kama sivyo, basi kuna kitu kinanila na mimi nimekaa nauza tambi."

Sáu hakuwahi kuvumilia kuona uso wa mtu umekunjika namna ile.

"Nilikufungua," alisema.

"Kweli?"

"Mara zote mbili. Nakumbuka sana. Ulikuja na sare ya shule, jicho lako moja lina usingizi, nikasema moyoni, mtoto mzuri huyu, ngoja nimwamshe. Na siku ya harusi vile vile. Mama yako mwenyewe alinipa ishara kwa nyuma."

Ajabu ni jinsi maneno yalivyomjia. Sare ilikuja, ishara ya mama ikaja, na alipokuwa akiyasema aliyaona. Thắm alijifunika uso, akacheka, akalia, akacheka tena. Akasema basi miaka yote hii amekuwa akiringia jicho la penseli. Akawaandikia kliniki papo hapo, kwamba ni la kuzaliwa, mpiga picha ni shahidi, na kabla hajamaliza ngazi wakamjibu kuwa Jumamosi saa tatu asubuhi afike bila kula. Sáu alisimama juu ya ngazi akimpungia. Alijiona ametenda wema.

Wema ule ulidumu siku mbili. Siku ya tatu alikaa kwenye kompyuta kufuta picha za Thắm ili apate nafasi, na alipofungua mafungu mawili kwa pamoja, lile la kwanza kabla vidole havijaliharibu na lile la pili, akaacha kufuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Asubuhi ile ya tarehe kumi na tano jicho la kushoto la Thắm lilikuwa karibu sawa na la kulia. Mchana wa siku ya pili lilikuwa nusu limefungwa. Mtu mmoja, kiti kimoja.

Alisingizia taa kwanza. Akaziwasha zote mbili, akapima umbali kwa kamba, akaweka chungu cha maua kwenye kiti akakipiga picha. Taa hazikuwa na kosa. Akasingizia kamera, akakuta nayo haina kosa. Akashuka chini kwa Bảy Nết na picha mbili mkononi.

"Dada Bảy, hebu tazama. Unaona nini?"

"Namwona Thắm. Hapa kalala vizuri, hapa kachoka."

"Jicho sasa."

"Si ndilo ninalosema. Hapa kalala, hapa kachoka."

"Mtu aliyezaliwa na kope limelegea, kulala kunamsaidia nini?"

"Kaka Sáu, mimi nauza kahawa." Aliendelea kusuuza bilauri, halafu akaacha. "Lakini mtaa mzima unasema umekumbuka kwamba ulimfungua tangu mtoto."

"Nilisema."

"Na ulimfungua?"

Sáu alitazama barafu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Bảy Nết. "Wazee walisema hivyo kwa anayeficha ya kwake. Wewe unamfichia mwenzako, sijui wangekwambiaje." Akamsukumia bilauri. "Kunywa kwanza. Halafu fanya unachojua."

Alichokijua ni negativu. Zilikuwa stoo nyuma ya studio, ndani ya makopo ya biskuti, kila mwaka na kopo lake, na Sáu alitumia siku mbili nzima akiwa amekaa sakafuni. Makopo mengine yalikuwa yameingia maji ya mafuriko, na negativu zimeshikana kama karatasi za mchele zilizolowa. Harusi ya Thắm ilikuwa kati ya hizo. Aliivuta ikachanika, bi harusi akabaki upande huu na uso wake upande ule, umeota ukungu. Kopo la wasichana wa shule lilikuwa chini kabisa, kavu. Humo alimkuta Thắm Alhamisi, saa kumi jioni, jua likiwa bado lipo dirishani.

Negativu iliyorembwa ina siri moja. Ukiishika wima mbele ya mwanga huoni kitu, lakini ukiilaza mshazari, penseli inang'aa rangi ya risasi, na pale wembe ulipopita pana kijifereji. Sáu aliilaza. Akaiona penseli yake ya miaka hiyo yote, nyembamba, imepangwa vizuri, na akajikuta anatabasamu. Ilikuwepo kwenye kidevu, pale palipokuwa na chunusi. Ilikuwepo puani. Ilikuwepo juu ya mdomo, kwenye alama ndogo, pengine ya kuanguka. Kila alipoiona alifurahi, kwa sababu kila mstari ulikuwa unamsogeza karibu na jicho, na maishani mwake hakuwa ametamani kitu kama alivyotamani sasa akutwe ni mwongo wa miaka thelathini iliyopita, ili asiwe mwongo wa wiki hii.

Kwenye jicho hakuona mng'ao. Akageuza, akalaza upande wa pili, akaita lenzi ya kukuzia imsaidie. Akasema labda nilifanya vizuri mno. Akachukua pamba, akailowesha spiriti, akapangusa uso wote polepole. Penseli ikatoka. Chunusi za kidevuni zikarudi, alama ya mdomoni ikarudi, msichana wa shule akarudi na kila alichokuja nacho siku ile, amekasirika kidogo, pengine kwa sababu ya chunusi. Macho hayakubadilika. Yalikuwa wazi yote mawili, sawasawa, na hakuna aliyewahi kuyagusa.

Sáu alikaa pale sakafuni na pamba mkononi. Hakuelewa. Hakuelewa jinsi kitu pekee ambacho hakukirekebisha kilivyokuwa ndicho alichoapa amekirekebisha, na hakuelewa atasimamaje mbele ya yule mwanamke. Alifikiria kunyamaza, tuseme ukweli. Daktari ni msomi, ataona mwenyewe. Halafu akakumbuka kwamba daktari anaona kwa picha na kwa maneno, na maneno yenyewe ni ya Sáu.

Ijumaa alifika kona ya soko saa kumi na mbili, kabla wauza maua hawajamaliza kupakua. Thắm alikuwa nyuma ya sufuria, mvuke unampanda usoni, mchangamfu. Lãm alikuwa anafunga vitunguu. Hakukuwa na mteja.

"Bamdogo, kaa. Leo bakuli lako ni la bure. Kesho naenda kutengenezwa, ukiniona tena utaniomba namba ya simu."

"Sitakaa, mwanangu. Nimekuja kukwambia nilikudanganya."

Thắm aliendelea kukoroga.

"Sikukumbuka kitu," alisema Sáu. "Sare, mama yako, vyote nilivitunga. Jana nimeipata negativu yako ya shule. Nimeipangusa mpaka penseli yote imetoka. Jicho lako lilikuwa zima. Sikuligusa."

Lãm aliacha vitunguu. Thắm alilaza upawa juu ya mfuniko, akajifuta mikono kwenye aproni, mmoja, halafu mwingine.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Uliogopa. Sikutaka kukuona umeogopa."

"Kwa hiyo ukanifanya nisiogope."

"Ndiyo."

"Sasa naogopa vile vile, bamdogo, ila nimechelewa wiki nzima. Na watoto nimeshawaambia kwamba mama yao hana kitu." Hakusema kwa ukali, na Sáu aliona afadhali angetukanwa. "Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu wa nyumbani kila mmoja alikuwa na lake. Nikasema huyu ndiye aliyenitazama."

Neno lake lilikuwa kweli, isipokuwa kwamba Sáu hakuwahi kumtazama. Watu hamsini kwa siku, na hakumtazama hata mmoja. Aliona sura na mara hiyo hiyo akaona namna ya kuirekebisha.

"Pengine ni uchovu tu," alisema Lãm. "Pengine asubuhi tatizo halipo kabisa. Mtazame sasa, mzee, si liko sawa?"

Na kweli, katika mwanga ule wa asubuhi jicho lilikuwa karibu sawa. Sáu alisikia moyo wake unaruka kulipokea neno lile kama mtu aliyetupiwa kamba. Ndiyo, liko sawa, jibu lilikuwa tayari ulimini.

"Mwangalie Lãm, anakuomba unirembe," alisema Thắm. Akazunguka sufuria, akaja kusimama mbele ya Sáu, mikono chini, kama kwenye kile kiti. "Usinirembe. Nitazame uniambie unachokiona. Hicho tu."

Sáu hakuwa na kamera, na bila kamera alijua jambo moja tu la kumwambia mtu aliyesimama mbele yake. Aliinua kidole juu, kwenye ukingo wa turubai.

"Tazama hapa. Usishushe macho mpaka nikwambie."

Thắm alitazama juu. Muuza maua mmoja alipita, akawaangalia, akaendelea. Sáu alisimama umbali wa mita moja na nusu, akautazama uso ule bila haraka, doa la mafuta ya moto shavuni, mikunjo pembeni ya mdomo, alama ile ya utotoni juu ya mdomo ambayo alikuwa ameifuta mara mbili na haikuwahi kwenda popote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunja ngumi mfukoni. Haikupita dakika. Kope la kushoto lilitetemeka, likateleza, taratibu, bila mtu kuligusa, likashuka mpaka katikati ya mboni.

"Sema," alisema Thắm, bado anatazama juu.

"Limeshuka," alisema Sáu. "Nusu ya mboni." Kila kiungo mwilini kilimwambia aishie hapo. "Na la kulia nalo limeanza."

Thắm alishusha macho. Aliinama, akafunga gesi, na mchuzi ukaacha kuchemka kabla bakuli la kwanza halijauzwa.

"Lãm," alisema, "washa pikipiki."